Kwa nini ua hili lisihamishwe, mgodi ukaendelea?

*Shikamoo Mwalimu. Nimesoma habari za ua moja la jangwa la Nevada, Marekani. Wanasema duniani kote lipo pale tu, na ardhi ya pale imejaa lithiamu ya kutengenezea betri za magari ya umeme. Kesi zimefunguliwa na mradi umechelewa miaka. Mimi napenda mimea, lakini napenda pia hewa safi. Mbona wasiling'oe wakalipande kwingine, kisha wachimbe? Na kweli lina hali mbaya kiasi hicho, au ni kelele za wanaharakati?*

Marahaba, mwanangu. Nianze na swali lako la mwisho kwa sababu jibu lake ni fupi. Hali yake ni mbaya kweli, na aliyelitamka hilo rasmi ni serikali ya Marekani yenyewe. Desemba 2022, Idara ya Samaki na Wanyamapori ya nchi hiyo iliuingiza mmea huu kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka, chini ya Sheria ya Spishi Zilizo Hatarini ya mwaka 1973. Sheria hiyo ina daraja mbili. La chini ni la viumbe wanaoelekea kwenye hatari, la juu ni la walio hatarini tayari. Mmea huu uliwekwa daraja la juu moja kwa moja.

Swali la kuhamisha ndilo linalohitaji maelezo, na nitakaa nalo. Ni swali la haki kabisa, maana hata wenye mgodi waliliuliza, tena wakatoa fedha lifanyiwe utafiti.

Kwanza tuufahamu mmea wenyewe. Jina lake la kisayansi ni Eriogonum tiehmii. Jina la pili linamkumbuka Arnold Tiehm, mtaalamu wa mimea aliyeukusanya mara ya kwanza mwaka 1983. Miaka miwili baadaye, James Reveal aliuandika rasmi kama spishi mpya. Ndugu zake wa jenasi ya Eriogonum ni wengi, wanapita mia mbili, na wametapakaa magharibi ya Amerika Kaskazini kuanzia pwani hadi milimani. Kwa hiyo huu si mmea uliosalia peke yake katika ukoo uliokwisha. Ni mtoto mmoja wa ukoo mkubwa aliyechagua nyumba ambayo ndugu zake hawaiwezi.

Ukiukuta nje ya msimu unaweza kuukanyaga bila kujua. Ni kichaka kifupi kilichotandaa chini kama mkeka mdogo, majani yake ya kijivu yenye kuelekea bluu, yamebanana na kulala karibu na ardhi ili yasipoteze maji. Mwezi wa Mei na Juni hutoa vikonyo vyembamba visivyo na jani hata moja, na juu ya kila kikonyo hukaa kichwa cha mviringo mfano wa kifundo cha uzi wa sufu. Ukikitazama kwa lenzi unaona kuwa si ua moja bali ni vijiua vingi vidogo vilivyosongamana, rangi ya maziwa yenye umanjano kidogo. Vikizeeka huwa vyekundu. Chini ya mkeka huo kuna shina gumu la mti na mzizi mkuu mmoja uliozama wima ardhini. Mzizi huo ushike akilini, tutaurudia.

Nyumba yake ni Rhyolite Ridge, kwenye milima ya Silver Peak, kaunti ya Esmeralda, takriban katikati ya Las Vegas na Reno. Ni nchi kavu na yenye watu wachache mno. Sensa ya mwaka 2020 iliwahesabu wakazi 729 katika kaunti nzima. Pale, kwenye mwinuko wa mita 1,800 hadi 1,900 hivi, mmea unaishi katika vikundi vinane. Ukivijumlisha vyote, ardhi unayoikalia haifiki zaidi ya hekta 4, yaani kama viwanja sita vya mpira. Sehemu nyingine zenye udongo unaofanana katika milima ile zimetafutwa, na haukupatikana.

Hapo msomaji makini huuliza: labda bado uko mahali ambapo hapajatafutwa? Hilo hutokea, sitakuficha. Ndugu yake mmoja wa California, Eriogonum truncatum, alionekana mara ya mwisho mwaka 1936, watu wakaamini ametoweka. Mwaka 2005 mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu akamkuta tena mlimani Diablo, mimea michache tu. Mwaka 2016 likapatikana kundi lingine lenye mimea zaidi ya milioni moja. Nilipozisoma habari zile nilifurahi kama nimepata barua ya mtu niliyedhani amekufa. Lakini yule ni mmea wa mwaka mmoja. Mbegu zake zinaweza kulala ardhini, mwaka wa mvua nzuri zikazuka zote kwa pamoja. Huu wa Nevada ni wa miaka mingi, mkeka wake uko juu ya ardhi mwaka mzima, juu ya udongo mweupe ulio wazi ambao hata kwenye picha za kutoka angani unatambulika. Kujificha kwake ni kugumu zaidi.

Sasa tuje kwenye udongo, maana jibu la swali lako limo humo.

Mamilioni ya miaka iliyopita, bonde lile lilikuwa ziwa. Volkano za jirani zilimwaga majivu, majivu yakatuama ziwani tabaka juu ya tabaka, na maji yenye madini yakapenya humo. Ziwa likakauka, ardhi ikainuka, tabaka zikachungulia juu. Kilichobaki ni miamba laini ya mfinyanzi, chokaa na mchanga wa majivu, yenye lithiamu na boroni kwa wingi usio wa kawaida. Mimea yote inahitaji boroni, ila kidogo sana. Ikizidi kiasi, ncha za majani huungua, kisha kingo, kisha mmea mzima hudhoofika. Mkulima yeyote anayemwagilia kwa maji yenye boroni nyingi anaujua uchungu huo.

Kwa hiyo ardhi ile iko karibu uchi. Vichaka vya jangwani vipo, lakini vimeachana mbali. Eriogonum tiehmii inamea humo bila kusukumwa na majirani, ikipata mwanga na maji machache yaliyopo. Wataalamu wa mimea tunaita hali hii utaalamu wa udongo: mmea umejifunza kuishi pale ambapo wengine wanashindwa, na gharama ya elimu hiyo ni kwamba umefungwa humo.

Angalia basi jinsi mambo yalivyofungamana. Madini yanayoufanya mmea uishi pale ndiyo yale yale yanayomleta mchimbaji. Haikuwa bahati mbaya kwamba ua limeota juu ya hazina. Limeota juu yake kwa sababu ni hazina.

Turudi kwenye kuling'oa na kulihamisha. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuchukua mimea mikubwa pamoja na udongo wake. Hapa ndipo unapokutana na ule mzizi mkuu. Miaka ya nyuma nilijaribu kuhamisha mmea mdogo wa nchi kavu, wa jamii nyingine kabisa, uliokuwa na majani manne tu juu ya ardhi. Nilichimba hadi kiwiko kikazama shimoni, na bado mzizi ulikuwa unaendelea chini. Nilipouvuta ukakatika kwa mlio mdogo kama wa kijiti kikavu. Mmea ule ulikaa kijani wiki mbili nikadhani nimefanikiwa, kumbe ulikuwa unatumia maji yaliyobaki mwilini mwake. Mimea ya jangwa huweka mali yake chini. Unachokiona juu ni dirisha tu.

Njia ya pili ni kuanza na mbegu: uoteshe miche kitaluni, kisha uipande mahali papya. Hii ina matumaini zaidi, na imefanyiwa kazi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nevada kilichopo Reno, kwa fedha za kampuni yenyewe, waliotesha mbegu na kulinganisha udongo ambao mmea unaukalia na ule wa jirani ambao hauukalii. Mbegu ziliota, kuotesha si tatizo. Tatizo ni maisha baada ya hapo, na mahali pa kuupeleka. Baada ya kuupima ushahidi uliopo, Idara ya Samaki na Wanyamapori ilihitimisha kwamba mmea huu ni mtaalamu wa udongo wake. Maana yake, unapotafuta mahali papya unatafuta ardhi nyingine yenye kemia ile, umbile lile na mwinuko ule, na ambayo mtu hatakuja kuichimba kesho kwa sababu zile zile.

Hata ukiupata udongo, bado hujampata mdudu. Mmea huu hutegemea sana wachavushaji: nyuki wa porini, nyigu, mbawakawa na nzi. Watafiti walishangaa kukuta kwamba sehemu ile inayoonekana kama imekufa ina wadudu wengi na wa aina nyingi wakati wa maua. Ndiyo sababu serikali ilipochora mipaka ya makazi muhimu ya mmea haikuishia kwenye zile hekta 4. Ilizunguka vikundi vyote kwa umbali wa mita 500, kwa kuwa nyuki wanaovitembelea wanahitaji mahali pa kuchimba viota na maua mengine ya kula pindi haya yanaponyauka. Jumla yake ikawa ekari 910, karibu hekta 368. Namba hizi mbili zitofautishe kila unaposoma habari: hekta 4 ndiko mmea unakokaa, hekta 368 ndiko maisha yake yanakotegemea.

Nikupe mfano wa karibu na huo. Kule Utah, kuzunguka mji wa St. George, kuna ua liitwalo Arctomecon humilis, jeupe, la jamii ya popi, linaloishi kwenye udongo wa jasi peke yake. Limo kwenye orodha ya walio hatarini tangu mwaka 1979. Lina nyuki wake mdogo, Perdita meconis, anayekusanya chavua kwa maua ya popi. Ukilipeleka ua hilo mahali pasipo na nyuki huyo umepeleka nusu tu ya maisha yake.

Nimesema kwamba wadudu wapo. Walaji nao wapo, na hapa kuna kisa cha mwaka 2020 ambacho nadhani ndicho kilichozaa yale uliyoyaita kelele. Septemba mwaka huo, wahifadhi waliofika pale walikuta mashimo kila mahali, mimea imefukuliwa, mizizi imekatwa. Zaidi ya mimea 17,000 ilikuwa imeharibiwa. Usikie tena: kwenye hekta 4 za dunia nzima, zaidi ya 17,000. Baadhi ya wahifadhi waliamini ni mkono wa mtu, kwa vile mashimo yalionekana kama yamechimbwa kwa sepetu. Kampuni ikasema ni wanyama. Serikali ikaagiza uchunguzi wa vinasaba vilivyoachwa kwenye mizizi iliyotafunwa, na matokeo yakaelekeza kwa wagugunaji wadogo wa jangwani, jamii ya kuchakuro. Mwaka ule ulikuwa wa ukame mkali. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba wanyama walitafuta maji, na mizizi ile minene ndiyo iliyokuwa nayo.

Mimi nayakubali matokeo yale, na nadhani wahifadhi wenzangu waliokwisha kumtaja mtu kabla ya vipimo walikosea. Lakini tafakari kisa hicho kinamaanisha nini kwa swali lako. Kiangazi kimoja kibaya na wanyama wenye kiu vilitosha kuondoa sehemu kubwa ya spishi nzima. Mmea wenye makundi mia moja ungelipita pigo hilo bila mtu kujua. Huu hauna akiba. Nayo miche michanga iliyopandwa porini kwa majaribio ilikumbana na meno yale yale.

Sasa upande wa mgodi, ambao nao una haki ya kusikilizwa. Kampuni ni Ioneer, ya Australia. Mpango wake wa kwanza ulilenga sehemu kubwa ya mimea yenyewe, na ndipo shirika la Center for Biological Diversity lilipoiomba serikali kuilinda, mwaka 2019. Baadaye kampuni ilibadilisha ramani ili shimo lisiguse kikundi chochote kati ya vile vinane, ikajenga banda la kuoteshea miche, na ikaahidi uzio na ufuatiliaji. Huo ni mwendo wa kweli na naupongeza. Kwa mujibu wa serikali, mgodi huo ungeweza kutoa lithiamu ya magari karibu 370,000 kwa mwaka. Tarehe 24 Oktoba 2024, Ofisi ya Usimamizi wa Ardhi ya Umma iliupa kibali, na Idara ya Samaki na Wanyamapori ikatoa maoni kwamba mradi hautauhatarisha mmea kiasi cha kuupoteza. Wiki moja baadaye, tarehe 31 Oktoba, Center for Biological Diversity, Great Basin Resource Watch na Western Shoshone Defense Project walikwenda mahakamani.

Kwa Washoshone wa Magharibi, wenyeji wa asili wa nchi ile, si habari ya ua peke yake. Karibu na pale kuna chemchemi ya Cave Spring, ambayo ni mahali patakatifu kwao.

Wanachogombania upande wa ua ni hizo hekta 368. Mimea haitang'olewa, ila takriban moja ya tano ya makazi muhimu itachukuliwa na shughuli za mgodi. Kwa mtu anayehesabu mimea tu, hasara ni sifuri. Kwa anayehesabu nyuki, vumbi linalotua juu ya majani, magugu vamizi kama halogetoni yanayofuata ardhi iliyotifuliwa, na maji ya mvua yatakayobadili njia kwa sababu kuna shimo kubwa upande wa pili, hasara inaweza kuja polepole miaka kumi baada ya kamera kuondoka. Mimi nimo kundi la pili. Kuuacha mmea juu ya kisiwa kando ya shimo, ukiwa umezungukwa na uzio, nakuona kama kumwachia mtu kitanda na kubomoa nyumba.

Kuhusu kuchelewa kwa mradi, usilitwishe ua mzigo wote. Januari 2025 serikali ilikamilisha mkopo wa dola milioni 996 kwa ajili ya mgodi huo, yaani ua likiwa limeshaorodheshwa na kesi iko mahakamani. Mwezi uliofuata mwekezaji mwenza, Sibanye-Stillwater ya Afrika Kusini, akajitoa, kwa kuwa faida iliyotazamiwa haikufika kiwango alichojiwekea. Bei ya lithiamu ilikuwa imeporomoka. Hilo ni jambo la soko.

Umesema unapenda pia hewa safi. Nami pia, na sitaki kukuchagulia kimoja. Ninachoweza kukuambia ni kwamba lithiamu ina nyumba nyingi duniani, kwenye maji ya chumvi, kwenye miamba migumu, kwenye mfinyanzi wa mabonde mengine. Katika kaunti ile ile ya Esmeralda, huko Silver Peak, lithiamu imekuwa ikitolewa kwenye maji ya chumvi ya chini ya ardhi tangu miaka ya 1960. Ua lina nyumba moja.

Kwa hiyo, wasiling'oe wakalipande kwingine? Miche ya kitaluni naiunga mkono kwa moyo wote, pamoja na mbegu zinazokusanywa na kuhifadhiwa kwenye ghala baridi. Ni bima. Moto, ukame au wagugunaji wakirudi, tutakuwa na kitu cha kuanzia. Ninachokataa ni kuitumia bima kama ruhusa ya kuchoma nyumba wakati bado hakuna aliyeonyesha kwamba nyumba ya pili inakalika.

Ukiendelea kufuatilia habari hizi, usiridhike ukisoma kwamba miche elfu kadhaa imepandwa na inaendelea vizuri. Mche unaweza kuwa wa kijani wiki mbili, kama ule wangu. Uliza kama umetoa maua bila kumwagiliwa. Uliza nyuki gani waliyatembelea. Uliza kama mbegu zilizodondoka hapo zimeota zenyewe, na kama miche hiyo ya pili nayo imefikia kutoa mbegu. Kwa mmea wa miaka mingi unaokua taratibu, jibu la swali la mwisho halipatikani kwa muda mfupi, na atakayekuletea mapema zaidi mwulize alihesabu nini.